Kopo la Biskuti

Juni, Bulongwa. Sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mpishi mwenye haraka,
na mjukuu wangu Oresta, shule zimefungwa,
amelishusha kopo kutoka juu ya kabati
bila kuniuliza.
Haya. Vuta kigoda. Futa vidole kwanza.

Huyu ni mimi, Rotadamu.
Nyuma nimeandika kwa penseli, nimekosea herufi,
isome hivyo hivyo.
Koti ni la Makame. Viatu vya Makame.
Kofia ya fundi mitambo, Mgriki, alinikodisha
kwa sigara mbili, na ya tatu
kwa kubonyeza kamera.
Changu hapo ni meno tu.

Santosi. Unaona napunga mkono?
Nzi.

Odesa, theluji hadi magotini.
Wenzangu wa pwani walijifunga mablanketi,
wakaapa hawashuki ngazi hata kwa mshahara wa nahodha.
Mimi nilishuka na shati.
Nikawaambia: hii ni Makete tu,
wameijengea ghorofa.

Huyu paka wa Bombei. Usicheke.
Mara tatu tulifunga kamba gati lile,
mara tatu nilimkuta juu ya magunia yale yale,
na katika bandari zote nilizokanyaga
ni yeye peke yake aliyenikumbuka.

Maana bandari ni siku mbili, Oresta,
na jiko la meli ni siku arobaini.
Nimeizunguka dunia nikimenya viazi,
nikarudi hapa kuvilima.

Hii, ilete karibu na moto. Hapana, isiwe karibu hivyo.
Mkono huu begani kwangu ni wa Makame.
Yeye mwenyewe ameliwa na ukungu,
kuanzia kofia, kushuka, taratibu,
umemwachia mkono na saa.
Ukungu wa bondeni, ukungu wa kopo:
jina moja, na kazi yao moja.
Barua yake ya mwisho ilitoka Tanga
kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Oresta amezipanga zote mkekani,
thelathini na moja, anazimulika kwa tochi ya simu.
Ukuta. Winchi. Ubavu wa meli. Chupa. Ukuta.
Mimi na mwanamke ambaye sitamtaja, nyanya yako yuko jikoni.
Ukuta.
"Babu, bahari iko wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikazitazama tena.
Miaka tisa,
na hakuna hata moja yenye maji.
Nani angepoteza filamu kwa maji?
Wewe umewahi kuupiga picha huu ukungu mlangoni?
"Basi utajuaje kama ulifika?"

Subiri.

Katika kitabu cha nyimbo, ukurasa wa mazishi,
kuna moja ambayo haikai na zile.
Mama yangu, hapa hapa, mbele ya nyumba ya zamani,
kapu la pareto kiunoni, amekasirika
kwa sababu ameambiwa asimame bila kufanya kazi.
Mama ambaye Rumakali ikijaa
alikaa ng'ambo hii siku nne, akisema mto una haki yake.
Nilimbandika juu ya kitanda changu kwa uji wa ngano.
Usiku mmoja, Ghuba ya Biskei,
mtu alisahau kukaza dirisha la duara
na bahari ikaingia chumbani bila kubisha hodi.
Asubuhi alikuwa palepale, amekasirika vilevile,
ila miguu imekwenda,
na pindo la kanga limeota mstari mweupe.

"Ndiyo hii," nikasema. "Bahari ndiyo hii."

Kabla sijamkataza
akaigusisha picha kwenye ncha ya ulimi.
Akakaa hivyo, macho ameyafumba,
kama mtu anayeonja mboga ya mwenzake
na hataki kusema imezidi nini.

Jikoni nyanya yake anaita: viazi vimeiva,
na nani amechukua chumvi.